Kuanzia Juu

Fundi wa kompyuta alifika masjala ya hospitali saa mbili kasorobo asubuhi, mkoba wa bisibisi begani, waya wa skrini umezungushwa shingoni kama mtandio. Karani wa orodha ya upasuaji alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Daftari, kwa kuwa alitunza daftari la wagonjwa miaka ishirini na miwili kabla ya kompyuta kuletwa, na aliizungumzia kompyuta kama mkwe ambaye familia haikumchagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uione hii balaa. Maandishi yamevimba kama yameumwa na nyuki, na pembeni weusi mtupu."

Fundi akainama akaangalia. Haikuwa balaa. Waya wa skrini ulikuwa wa zamani, haukuweza kuiambia kompyuta kioo kina ukubwa gani, na kompyuta, ambayo iliendeshwa na mfumo wa Linux na haipendi kubahatisha, ilichagua vipimo vidogo ili isije ikakosea: nukta elfu moja na ishirini na nne kwenda pembeni, mia saba sitini na nane kwenda chini. Ukifungua mahali pa kuchagua vipimo vingine, hapakuwa na vingine. Kazi ya namna hii huchukua dakika kumi na kikombe cha chai.

Lakini fundi hakuanza kazi. Alikuwa akilitafuta jina la kaka yake kwenye kioo, na halikuwepo.

Kaka yake alikuwa mshonaji wa suruali, na kilango kimoja cha moyo wake kilikuwa hakifungi sawasawa. Daktari alimwandikisha kwa upasuaji miezi minane iliyopita, akamwambia hili si jambo la kuchelewa. Miezi mitatu ya kwanza hakikutokea kitu. Mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, nyayo zake hazikuonekana. Ijumaa iliyofuata vikafuata vifundo vya miguu. Tangu hapo alikuwa akikatika kutokea chini, upana wa vidole vitatu kila wiki, bila maumivu, na sasa alionekana kuanzia kitovuni kwenda juu tu. Miguu ilikuwepo, maana kanyagio la cherehani liliendelea kupanda na kushuka, na mama yao alizidi kumgombeza kwa kuingia ndani na matope. Haikuonekana, basi. Wateja walizoea mapema. Kilichowaudhi ni kwamba suruali zao zilichelewa, kwa sababu mshonaji alilazimika kupumzika baada ya kila mshono ili apate pumzi.

Fundi alikuwa amepiga hesabu. Kwa mwendo ule, baada ya wiki sita mstari ungefika moyoni, na hakuna daktari anayepasua moyo asiouona. Hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani akila, akioga, akizungumza na watu, na hakumwambia mama yake.

"Mama, kuna mtu namtafuta humu," alisema. "Mshonaji. Wa moyo."

"Yule aliyekatika kiunoni? Namkumbuka. Mpole sana, alikuja mara tatu. Nikamwambia, baba, jina lako silioni, na nisipoliona nitakuitaje?"

"Hukushuka kumtafuta chini ya orodha?"

Mama Daftari akagusa mstari wa mwisho kwa ukucha. "Chini ndio hapa," alisema. "Baada ya hapa ni meza."

Alisema kweli. Programu ya orodha ilijaza kioo kizima, haikuwa na mshale wa kushusha wala wa kupandisha. Aliyeiandika alidhani hakuna hospitali itakayochelewesha watu zaidi ya thelathini na wanane kwa wakati mmoja, halafu akahama mji na namba yake ya simu ikawa ya muuza mitungi ya gesi.

Fundi akavuta kiti. Akafungua dirisha jeusi la amri na kuanza kuandika. Mstari wa kwanza uliiomba kompyuta hesabu za kipimo kipya, elfu moja mia mbili na themanini kwa elfu moja na ishirini na nne. Kompyuta ikampa tarakimu nyingi kwa mkupuo. Mstari wa pili uliiambia kompyuta kwamba kipimo hicho kipo duniani. Mstari wa tatu ulikikabidhi kwa tundu ambalo waya wa skrini ulichomekwa. Mstari wa nne ulikiwasha. Kioo kikapepesa, weusi wa pembeni ukaondoka, maandishi yakakonda, na chini ya mstari wa thelathini na nane yakatokea majina kumi na manne ambayo Mama Daftari aliyaandika mwenyewe, kisha yakampotea.

Nje ya dirisha la masjala kulikuwa na ukumbi wa kusubiri wenye mabenchi. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa pale bila nyayo wakazipata. Wakavua viatu, wakakagua vidole, wakavivaa tena.

Fundi akapiga simu nyumbani. "Mama, kaka yuko wapi?"

"Yuko kwenye cherehani. Mapaja yamerudi nusu. Umefanya nini?"

"Nimebadilisha vipimo vya skrini."

"Basi ongeza," mama yake alisema, akakata simu.

Akaongeza. Alikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyomponza. Akaomba kipimo kikubwa kuliko kioo kinavyoweza kubeba. Kioo kikawa cheusi, katikati kikaandika kwamba hakiwezi, kisha hata hayo maandishi yakazimika. Ukumbi ukawa mtupu. Mabenchi yalikuwepo, sakafu iliyopigwa deki ilikuwepo, mtu hakuwepo hata mmoja.

"Sasa sina wa kumwita," alisema Mama Daftari, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mama yake. "Cherehani inakwenda yenyewe," alisema. "Sauti yake naisikia. Yeye simwoni."

Fundi hakuwahi kuogopa vile maishani mwake. Akaandika mstari wa kurudisha kipimo cha mwanzo bila kuona anachoandika, akakosea, akaandika tena, herufi moja moja, akiitamka kila moja kwa sauti. Akabonyeza. Kioo kikarudi. Watu wakarudi kwenye mabenchi, na mzee mmoja akamlalamikia jirani yake kwamba amemkalia koti.

Kuanzia hapo alikwenda taratibu. Aliisimamisha skrini ubavu, akaiegemeza kwa majalada mawili mazito, na kuiambia kompyuta kwamba kioo sasa kimesimama. Majina yakawa sitini na sita. Kisha akaiamuru kompyuta ijifanye ina kioo kikubwa mara tatu na zaidi, halafu iyakunje yote yaingie kwenye kile kile. Hili lilikubali. Majina yote mia mbili na kumi na manne yakakaa kwenye kioo kimoja, madogo kama mayai ya sisimizi.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Walitokea watu ambao jamaa zao walishaacha kuwaulizia, wengine wameshika kadi zilizochakaa mikunjo, wengine na sweta za msimu wa baridi uliopita. Hakuna aliyepiga kelele. Walianza kuulizana nani amefika kabla ya nani, wakatofautiana, wakanyamaza. Mfagiaji akaenda kuleta mabenchi mengine kutoka kliniki ya meno.

Saa tano mshonaji alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, mama yake akimshika kiwiko. Alikuwa mzima. Kila baada ya hatua kumi alisimama kupumua, na alipofika dirishani aliegemea ukingo kwa muda mrefu kabla ya kutoa salamu. Miguu yake, sasa ilipoonekana, ilikuwa imevimba hadi magotini.

Mama Daftari alichukua kioo cha kukuzia alichoazima maabara, akakipitisha juu ya skrini. "Huyu hapa," alisema. "Wa mia moja na mbili. Upo, baba. Samahani sana."

"Si kitu, mama," alisema mshonaji. Akamgeukia fundi, dada yake. "Mdogo wangu, wewe ni kiboko."

Fundi alicheka, na alipocheka akajikuta analia, akageukia ukutani ajifanye anachomoa waya. Furaha ile ilidumu siku tatu.

Tatizo la kwanza lilijitokeza jioni ile ile. Saa kumi na nusu mlinzi alizima umeme wa masjala kama kawaida, na kompyuta zile zilikuwa zimefungwa kwa namna ambayo kila zikizimwa hurudi kama zilivyoletwa. Vipimo vipya vikafutika. Mshonaji alikatika kitovuni akiwa njiani kurudi kutoka msalani. Namba ya siri ya kuzifungua ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa ndani ya kabati la msimamizi wa masjala, na ufunguo wa kabati alikuwa nao msimamizi wa zamani, ambaye alihamishwa kwa ugomvi na hakuwa tayari kupokea simu za mtu yeyote wa hospitali ile. Kwa hiyo kila asubuhi fundi alikuja saa mbili kasorobo na kuandika mistari yake upya. Nyumbani, kaka yake alikaa kitandani hadi saa mbili, akiitazama shuka, na ikiinuka mahali penye magoti alishuka kwenda kazini.

Tatizo la pili lilikuja siku ya Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ya daktari wa upasuaji. Saa nne kamili Mama Daftari alitokea ukumbini na karatasi, watu mia mbili na zaidi wakanyamaza, naye akaita majina sita. Mshonaji alisimama tangu jina la kwanza, akaketi baada ya la sita. Waliomfuata karani kwenda ndani walikuwa wenye kadi mpya, zisizo na hata mkunjo.

Fundi alirudi masjala, akainamia kioo. Alisoma tarehe za kuandikishwa moja baada ya nyingine kwa kioo cha kukuzia, na alipofika ya thelathini hakuhitaji kuendelea.

"Mama, huyu wa juu kabisa ameandikishwa lini?"

"Jana mchana."

"Na wa chini kabisa?"

"Huyo wa siku ya kwanza kompyuta ilipoletwa. Mwaka jana, mwanzoni."

"Sasa kwa nini unaita kuanzia juu?"

Mama Daftari alimtazama kwa huruma. "Wa juu ndiye wa kwanza, mwanangu. Kwenye daftari unaanza kuandika juu unakwenda chini. Unaanza kusoma juu unakwenda chini. Miaka ishirini na miwili."

Fundi alimweleza. Kwenye daftari aliyefika kwanza alikaa juu, ni kweli. Programu ilifanya kinyume: kila aliyeandikishwa ilimweka juu kabisa na kumsukuma chini kila aliyemtangulia. Kila wiki walikuja tisa. Sita kati yao waliitwa. Watatu walibaki, na uzito wao ulikaa juu ya wote waliokuwepo. Ndivyo vile vidole vitatu vya kila wiki.

Mama Daftari aliweka mikono magotini. Alikuwa mtu mwema, na watu wengi walikuwa wamempitia.

"Kwa hiyo ukitangulia kufika," alisema, "ndiyo umeumia."

"Ndiyo, mama."

"Nami nilikuwa nasema, ajabu, siku hizi foleni inakwenda haraka."

Alijaribu kumwandikisha mshonaji upya, ili akae juu. Programu ilikataa. Iliandika kwamba mgonjwa huyu yupo, na jina haliandikwi mara mbili. Alijaribu kulifuta kwanza. Programu ilikataa tena, jina hutoka kwa kuitwa tu. Basi fundi akamwomba amwite kaka yake Alhamisi ijayo, hivyo hivyo, kwa mdomo. Karani alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi, yenye muhuri: karani ataita majina sita kuanzia juu. Chini yake palikuwa na saini yake mwenyewe.

"Nenda kwa msimamizi," alisema. "Akiniambia, Alhamisi ijayo naanzia chini. Naapa."

Msimamizi wa masjala, aliyempata Jumatatu iliyofuata, alikuwa mtu nadhifu, mezani kwake kila kalamu imelala upande mmoja. Alimkaribisha fundi kwa bashasha. Alimwambia kwamba robo ya mwaka iliyopita kulikuwa na malalamiko kumi na tisa ya wagonjwa kupotea, ama wote ama sehemu, na robo hii hakuna hata moja.

"Umetuheshimisha," alisema. "Nimeandika hivyo kwenye ripoti. Sasa kila mtu anaonekana."

"Wanaonekana, mkuu, ila hawaitwi. Orodha imepinduka. Kaka yangu yuko wa mia moja na tano leo. Juma lililopita alikuwa wa mia moja na mbili."

"Anaonekana lakini?"

"Anaonekana."

"Mzima?"

"Mzima, lakini anakufa, mkuu."

Msimamizi akasogeza kalamu moja iliyokuwa imepinda kidogo. Alisema anaelewa, hata yeye ana ndugu. Lakini utaratibu ni kuanzia juu, na utaratibu hubadilishwa na kamati, na kamati hukaa mara mbili kwa mwaka, na imetoka kukaa. Zaidi ya hapo, mtu akianza kuita kutoka chini, walioandikishwa jana watauliza kwa nini wamepitwa na watu wasiowajua. "Hao ndio wanaolalamika," alisema. "Hawa wengine wameshazoea kungoja."

Fundi alitoka pale. Alikaa kwenye ngazi za hospitali, mkoba mapajani, na alipoulizwa na mpita njia kama anaumwa alisema ndiyo. Aliiandikia kamati barua. Alimngojea daktari wa upasuaji kwenye maegesho ya magari, na daktari akamsikiliza kwa makini, akamwambia yeye hupasua anayeletewa. Alikwenda hata kwa muuza mitungi ya gesi, kwa kuwa namba ilikuwa ile ile, akamuuliza kama hajui lolote kuhusu programu. Muuza gesi alimpa pole na kumwambia si wa kwanza kuuliza.

Nyumbani kaka yake alishaanza kulala ameketi. Mto mmoja haukutosha, ikawa miwili, kisha mama yao akaleta gunia la vitambaa likawa la kuegemea. Bado alishona. "Nikiacha kushona nitaanza kujisikiliza," alisema.

Alhamisi ya nne fundi alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa hali hiyo hujaribu chochote. Saa nne kasorobo aliandika mstari mmoja zaidi, unaoiamuru kompyuta igeuze kioo kichwa chini miguu juu. Orodha ikapinduka yote. Wa mwaka jana mwanzoni wakawa juu, na kila Alhamisi kaka yake angesogea sita mbele.

"Mama," alisema, "ukutani pameandikwa kuanzia juu. Juu ndiyo hii."

Mama Daftari aliangalia kioo, akaangalia karatasi ya ukutani, akaangalia saini yake. Kisha akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa meza, akaanza kunakili. Herufi zilikuwa ndogo na zimesimama kwa vichwa vyao, kwa hiyo alikwenda polepole. Ukumbini watu wote walikuwa wameketi darini, mabenchi na vyote, wakiwa wameshikilia mifuko yao. Funguo, sarafu na miwani ya mtu vilianguka sakafuni, na mfagiaji akavikusanya kwenye ndoo ili wenyewe waje kuchagua. Mshonaji alikuwa pale juu pamoja nao. Hakulalamika. Alishika kifua kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Karani alikuwa amenakili majina mawili msimamizi alipoingia. Hakugomba. Aliinua skrini kwa uangalifu, akaigeuza mpaka maandishi yakasimama sawasawa, akaiegemeza tena kwenye majalada. Akachukua karatasi ya majina mawili akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

"Mama, ungeumia shingo," alimwambia Mama Daftari, na ilionekana anamaanisha.

Watu walishuka. Saa nne na dakika kumi yaliitwa majina sita kuanzia juu. Mshonaji alisimama kwa kuegemea ukuta, akaketi baada ya la sita.

"Nisamehe, kaka," fundi alimwambia.

"Kwa lipi? Nimeona dari kwa karibu," alisema, alipopata pumzi. "Wanahitaji kupaka rangi."

Alifariki Jumanne ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, kwenye cherehani, suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado. Alikuwa mzima kutoka nywele hadi kucha za miguu, kwa sababu fundi alikuwa ameshaandika mistari yake asubuhi ile. Siku ya pili yake akaandika tena, kisha akakimbia msibani, na watu waliharakisha ili mazishi yaishe kabla ya saa kumi na nusu. Waliwahi. Majirani walimshika mkono mama yao mmoja mmoja na kumwambia kwamba angalau amemzika mtoto wake mzima, maana wapo waliozika kifua na kichwa tu. Mama aliwaitikia wote. Wa mwisho alimwitikia kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake.

Siku saba fundi hakutoka ndani. Mkataba wake na hospitali ulikuwa umekwisha na hakuwa na haja ya kwenda. Siku ya nane wakaja watu mlangoni, mwanamume mmoja anayeonekana kuanzia mabegani, wengine ambao ni sauti tu, wakampa pole ya msiba na kumwomba, kama ataweza, asiwasahau. Alivaa viatu akaenda nao.

Aliandika mistari. Kioo kikapepesa, majina yakashuka mpaka chini, ukumbi ukajaa. Fundi akaangalia nje ya dirisha ili awahesabu, na katika benchi la nyuma alimwona kaka yake.

Alikuwa amevaa shati walilomzika nalo. Miguu yake haikuwa imevimba. Walikuwepo wengine kumi na mmoja wa hali yake kwenye benchi lile, nao walikuwa wamesogea kumpa nafasi.

Fundi alimgeukia Mama Daftari. Karani alikuwa akimtazama tangu mwanzo.

"Jina hutoka kwa kuitwa tu, mwanangu," alisema taratibu. "Hakuitwa."

Fundi akatoka akaenda kukaa karibu naye. Kisha akalia, kwa sauti, mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyegeuka, kwa kuwa wengi wao walishalia mahali pale pale. Kaka yake alingoja amalize.

"Pumzi?" fundi aliuliza.

"Siku hizi hainisumbui."

"Basi twende nyumbani, kaka. Mama anakaa na ile suruali mapajani."

"Wakiniita nisipokuwepo, je?" alisema mshonaji. "Nimengoja miezi tisa. Niondoke leo?"

Ilikuwa Alhamisi. Saa nne kamili Mama Daftari alitoka na karatasi, macho yake hayakufika kwenye benchi la nyuma. Ukumbi ukanyamaza. Akaita majina sita kuanzia juu, na wa sita alikuwa ameandikishwa jana. Mshonaji, wa mia moja na kumi na saba, alisimama wima pamoja na wenzake wa benchi lile, akasikiliza mpaka jina la mwisho, akaketi. Karani akarudi dirishani, ambako watu wapya walikuwa wameshajipanga na barua zao za daktari, akaanza kuwaandikisha.